Nimeunga kompyuta mwenyewe, diski mbili kati ya tatu hazionekani, naombeni msaada (nipo Dodoma)

Kijana_Nkuhungu

Habari za jioni wakuu, nipo Dodoma hapa Nkuhungu, kazi yangu ni kupiga video za harusi, sendofu, kipaimara, mahafali na kuediti mwenyewe. Miaka yote nilikuwa natumia desktopu ya zamani ambayo video moja ya saa mbili inakesha usiku kucha ndo itoke, sasa mwaka huu nikajipinda nikanunua vifaa kidogo kidogo, vingi vya Kariakoo nikatumiwa kwa basi nikavipokea stendi ya Nanenane, Jumamosi nikakaa chini nikaunga mwenyewe kwa kuangalia video mwanzo mwisho.

Vifaa ni hivi: madabodi ya B550, prosesa Ryzen 5 5600, ramu 8 mbili, kadi ya picha ya mtumba ya kawaida tu, pawa saplai mpya ya wati 550 ya zile ambazo waya zote zinachomoka. Diski ni tatu, NVMe ya 1TB mpya (ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi), SSD ya SATA ya 480GB mpya (ile ya kebo ya data na waya wa pawa), na hadi diski ya 2TB niliyoitoa kwenye ile mashine ya zamani ikiwa nzima kabisa maana nilikuwa naitumia mpaka Ijumaa.

Sasa tatizo. Mashine inawaka, picha inakuja, Windows nimepiga kwenye NVMe bila shida yoyote. Ila SSD ya 480 haionekani, na sio kwenye Windows tu, hata kwenye baiosi (ile programu ya madabodi yenyewe inayotangulia Windows) haipo. Nimebadilisha kebo ya data mara mbili, hola. Hadi diski ndo kabisa, yani nikichomeka waya wake wa pawa halafu nikibonyeza kuwasha, feni zinashtuka kama nusu sekunde kisha kimya, nikiuchomoa huo waya mashine inawaka kama kawaida. Nikahisi labda wati 550 hazitoshi.

Kinachoninyima usingizi ni hiyo hadi diski. Ndani kuna sendofu ya Kondoa ya wiki mbili zilizopita sijaikabidhi, na kuna mahafali ambayo mama wa binti anasimama anamwombea mwanae, yule mama amefariki mwezi uliopita na familia wananipigia kila siku. Nakala nyingine sina, memori kadi nilishazifuta. Nianzie wapi wakuu? Nirudishe pawa saplai nichukue kubwa?


Mtu_wa_Bahi

Pole sana mkuu. Mimi naona 550 ndogo kwa kadi ya picha na diski tatu, chukua 750 uwe na amani. Na baiosi iapdeti, nimeona watu wengi wakiapdeti diski zinatokea.


Binti_Iramba

Mkuu subiri kwanza usinunue kitu. Hii ya SSD ilinikuta mimi mwaka juzi nikiwa hosteli UDOM, nilihangaika mpaka saa tisa usiku nikiamini SSD imekufa kumbe nzima.

Iko hivi, madabodi nyingi za B550 zina sloti mbili za M.2, yani matundu ya kuchomekea NVMe. Ile ya juu, karibu na prosesa, inaongea moja kwa moja na prosesa. Ya chini inapitia kwenye chipu ya madabodi, na hiyo chipu ina njia chache za kupitisha data, kwahiyo watengenezaji wanazigawanya, ukiweka diski kwenye sloti ya chini inachukua njia ambazo zingetumiwa na poti mbili za SATA, mara nyingi ni namba 5 na 6. Zile poti zinakufa kimya kimya, hakuna ujumbe hakuna nini, unabaki unabadilisha kebo tu. Kwenye kitabu cha madabodi imeandikwa, ila ni kasentensi kamoja kadogo chini ya jedwali la diski, nani anasoma.

Kwahiyo nijibu mawili. NVMe umeiweka sloti ya juu au ya chini? Na kebo za data umechomeka poti namba ngapi? Namba zimeandikwa kwenye madabodi yenyewe pembeni ya poti, washa tochi ya simu utaziona.

Kuapdeti baiosi mimi ningeiacha kabisa kwa sasa, umeme ukikatika katikati unaweza kuua madabodi nzima, na huna sababu ya kuapdeti maana prosesa inasomwa vizuri.

Ya hadi diski sitaki kubahatisha, hiyo kushtuka na kuzima hainipendezi.


Fundi_Makole

Kijana, zima hiyo mashine, toa waya ukutani, na hiyo hadi diski usiichomeke tena hata mara moja mpaka tuelewane.

Suala la wati liweke pembeni. Hadi diski ya kompyuta ya mezani inapoanza kuzunguka inakula kama wati 20 na kitu kwa sekunde chache, ikishatulia haifiki hata 10. Wati 550 haziwezi kushindwa na kitu hicho. Pawa saplai inayoshtuka kisha kujizima imeona shoti mbele yake, inajilinda.

Swali langu ni moja tu. Huo waya wa pawa uliouchomeka kwenye hadi diski umetoka kwenye boksi la pawa saplai mpya, au umeutoa kwingine?


Kijana_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Nimeshazima.

Waya uliokuja na pawa saplai una vichwa vitatu ila ni mfupi, nimeutumia kwenye SSD, kule chini ilipokaa hadi diski haufiki. Pawa saplai ya mashine ya zamani nayo ilikuwa ya waya za kuchomoa, nikachukua waya wake mrefu nikauchomeka kwenye hii mpya. Uliingia vizuri kabisa bila kulazimisha, pini sita kwa sita.

Dada Iramba, NVMe ipo sloti ya chini, maana ya juu ina bati lake juu na skrubu iligoma nikaogopa kuinyonga. Na kebo za data zote mbili ziko 5 na 6 kwasababu zipo ukingoni, rahisi kufikia mkono.


Binti_Iramba

Basi SSD yako nzima. Usibadilishe hata NVMe kwa leo, toa kebo ya SSD peleka poti namba 1 halafu washa uone (hadi diski ikiwa imechomolewa kama mzee alivyosema).


Fundi_Makole

Marahaba. Basi ugonjwa ni huo waya.

Nielezee vizuri maana kosa hili linaua diski za watu wengi na hakuna anayelisema dukani. Upande wa diski, kichwa cha pawa cha SATA ni kimoja dunia nzima, pini 15, kila pini kazi yake inajulikana. Upande wa pawa saplai hakuna sheria. Kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha mpangilio kati ya toleo moja na jingine. Tundu ni lile lile la pini sita, plagi inaingia na kubana vizuri, ila pini ambayo kwenye pawa saplai ya zamani ilikuwa inatoa volti 5 kwenye mpya inaweza kuwa inatoa volti 12, au ni ardhi (njia ya umeme kurudi, volti 0). Kwahiyo hadi diski yako mara ya kwanza ulipobonyeza kuwasha yawezekana ilipokea volti 12 mahali inapotakiwa volti 5.

Sasa usikate tamaa. Hadi diski nyingi zina diodi mbili za ulinzi kwenye kibodi chake (ile bodi ndogo ya saketi iliyofungwa chini ya diski), moja ya upande wa volti 5 na moja ya volti 12. Umeme ukizidi, ile diodi inajitoa mhanga, inapiga shoti ili umeme usiende kwenye chipu, na pawa saplai ikiona shoti inazima. Hiyo nusu sekunde unayoielezea inafanana sana na diodi iliyokufa kishujaa.

Una multimita, kile kipima umeme? Kama huna azima kwa fundi redio yeyote hapo mtaani. Hadi diski ikiwa mezani haina waya wowote, angalia mdomo wake wa pawa, ule mrefu. Pini ya 1 ni ile iliyo karibu na mdomo mfupi wa data. Hesabu kutoka hapo, ya 4, 5 na 6 ni ardhi, 7, 8, 9 ni volti 5, na 13, 14, 15 ni volti 12. Weka multimita kwenye omu, pima kati ya ardhi na ya 7, halafu ardhi na ya 13, kila kipimo geuza waya nyekundu na nyeusi upime tena. Niletee namba.

Kabla hujagusa kibodi, shika bati la keisi kwanza. Kipindi hiki cha upepo na ukavu wa Dodoma hata kuvua sweta kunatoa cheche, na cheche hiyo hiyo inaua chipu.


Manyoni_Gema

Samahani naomba nidandie hapa hapa maana yangu inafanana. Mimi ni Intel kizazi cha 12, NVMe moja tu, kwenye baiosi inaonekana kabisa na jina lake na ukubwa wake, ila nikianza kupiga Windows kwa flashi nikifika pale pa kuchagua diski panakuwa patupu. Muuzaji ananiambia NVMe feki nirudishe. Kweli?


Binti_Iramba

Manyoni usirudishe, baiosi ikiiona basi iko hai. Kuanzia Intel kizazi cha 11 kuna kitu kinaitwa VMD, kinasimama katikati ya prosesa na diski, na flashi ya Windows mara nyingi haina draiva yake ndo maana inaona patupu. Una njia mbili, ingia baiosi tafuta VMD uizime uhifadhi halafu anza upya, au pakua draiva ya Intel ya RST kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako, ifungue uiweke kwenye flashi kama folda, halafu pale pale patupu kuna kitufe cha kupakia draiva, ionyeshe hiyo folda. Kwa diski moja mimi ningezima tu VMD. Ila amua kabla ya kupiga Windows, ukishapiga ndo ukabadilisha inaweza isiwake.


Manyoni_Gema

Dada nimezima VMD imetokea hapo hapo, 953GB. Nilikuwa naenda Singida mjini kesho kuirudisha. Mungu akubariki.


Kijana_Nkuhungu

Jamani SSD imeonekana!! Poti namba 1, nikaingia baiosi ipo, 480 na jina lake. Dada asante sana.

Ila kwenye Windows nikifungua sehemu ya diski naona C tu, 480 haipo. Au bado kuna kitu?

Mzee, multimita nimeazima kwa jirani. Ardhi na pini ya 7 inasoma 0.4, nikigeuza 0.4. Ardhi na ya 13 inaanza chini halafu inapanda inapanda mpaka inaenda kwenye maelfu.


Binti_Iramba

SSD ni mpya haijawahi kugawanywa wala kufomatiwa ndo maana. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc, itakuuliza uianzishe kwa MBR au GPT, chagua GPT. Halafu kwenye ile sehemu nyeusi bonyeza kulia tengeneza volyumu mpya, NTFS, maliza. Angalia jina na ukubwa kabla ya kubonyeza chochote, uhakikishe ni 447 na kitu hivi na sio ile ya Windows.

Na siku hadi diski yako itakaporudi, ukiona Windows inakuuliza uianzishe au uifomati, kataa. Diski yenye vitu ikiulizwa hivyo jibu ni hapana, utafute msaada kwanza.


Fundi_Makole

Namba nzuri sana hizo. Upande wa 12 mzima, ile kupanda ni kapasita zinajaa. Upande wa 5 una shoti ya wazi, 0.4 pande zote mbili. Diodi ya volti 5 imekufa, na mara nyingi ikifa hivyo vingine vyote viko salama.

Kazi inayofuata ni ndogo ila sio ya kisu na chuma cha kuchomelea cha mtaani. Peleka kwa fundi simu mwenye blowa ya hewa moto na darubini, pale mjini wapo wengi. Mwambie afungue skrubu za kibodi cha hadi diski tu, zile za nyota ndogo, vifaa vipo upande wa ndani. Karibu na mdomo wa pawa ataona diodi mbili nyeusi za mstatili, apime ipi ina shoti, aitoe hiyo moja. Haitakiwi kuweka nyingine ili diski iwake. Akishaitoa apime tena pini ya 7, shoti ikiwa imeondoka una bahati. Kama shoti bado ipo basi chipu imeguswa, aishie hapo hapo asiendelee kuchokonoa.

Na ukiiwasha tumia waya wa pawa saplai yako, uliokuja nao. Haufiki? Itoe hadi diski kwenye keisi iweke juu ya boksi la karatasi pembeni ya SSD. Bila ile diodi haina ulinzi tena, kwahiyo ni kuwasha, kukopi kila kitu, kuzima.


Mtu_wa_Bahi

Mzee nakubali nilikosea kwenye wati. Ila nauliza, si angenunua tu hadi diski nyingine ya namba hiyo hiyo ahamishe kibodi? Au kuna jamaa aliniambia unaiweka friji usiku mzima, au unaifungua unahamisha zile sahani.


Fundi_Makole

Bahi umeuliza vizuri acha nijibu yote. Kuhamisha kibodi peke yake kwa hadi diski za miaka hii haifanyi kazi, kuna kachipu ka miguu minane kenye vipimo vya hiyo diski yenyewe toka kiwandani, lazima nako kahamishwe. Friji hapana, ikitoka inavuta unyevu ndani. Na kuifungua sahani usithubutu, kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na vumbi la Dodoma wote tunalijua, unafuta meza asubuhi saa sita unaandika jina lako kwa kidole.


Kijana_Nkuhungu

Wakuu narudisha majibu, samahani nimechelewa siku mbili.

Jana asubuhi nimeenda kwa fundi simu, nikamuonyesha maelezo ya mzee kwenye simu akayasoma mara mbili ndo akafungua. Diodi aliiona hata bila kupima, ilikuwa na kadoa kama kakupasuka juu. Akaitoa kwa blowa, akapima pini ya 7, shoti hakuna. Dakika kumi na tano, elfu kumi na tano.

Nikarudi nyumbani nikafanya kama mlivyosema, hadi diski juu ya boksi, waya wa pawa saplai mpya, kebo ya data poti namba 2. Nikasali kwanza kusema ukweli. Nikabonyeza kuwasha, feni zikazunguka na hazikuzima, nikaweka kidole juu ya hadi diski nikasikia inatetemeka kidogo, inazunguka. Windows ikafunguka ikaonekana yenyewe na folda zangu zote, haikuuliza kufomati.

Nikaanza na mahafali. Nilikopi kwanza kwenye NVMe halafu nyingine kwenye SSD ya 480, nikaifungua nikaangalia mpaka pale mama anapoomba, iko nzima sauti na picha. Kisha sendofu, kisha vingine vyote ikachukua kama masaa matatu na nusu sikuondoka hapo. Jioni hiyo hiyo nikampelekea yule binti kwenye flashi, Ilazo, tukakaa na wadogo zake wakaangalia pamoja.

Skrubu ya bati la M.2 nimepata bisibisi yenye saizi yake ikatoka bila shida, NVMe nimeihamishia juu, kwahiyo poti zote sita sasa hivi zinaona.

Mzee nauliza moja, hii hadi diski naweza kuendelea kuitumia kwa vitu visivyo vya maana?


Fundi_Makole

Alhamdulillah, nimefurahi sana kijana.

Ikiwekewa diodi mpya ya aina ile ile inaweza kuendelea, ni kitu cha bei ndogo. Bila hiyo mimi nisingeiacha ndani ya mashine, umeme ukiyumba mara moja tu chipu inaweza kwenda. Weka programu ya CrystalDiskInfo uangalie afya yake, ukiona namba za sekta zilizohamishwa au zinazosubiri zimepanda juu ya sifuri, isahau.

Na ule waya wa zamani umeuweka wapi?


Kijana_Nkuhungu

CrystalDiskInfo inaonyesha sifuri zote mbili. Nimeitoa kwenye mashine, nimeifunga kwenye mfuko wake nikaiandika kwa maka HAINA DIODI YA 5V. Mwisho wa mwezi nanunua ya nje ya 4TB kwa ajili ya bakapu, kadi sifuti tena mpaka kazi iko sehemu mbili.

Waya wa zamani nimeukata vipande vitatu kwa mkasi, dogo wangu alikuwa ameanza kuutamani kwa ajili ya mashine yake.